"Nimeshakula, Frateri"



Naomba tuanze na namba moja: 60. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawataka waamini watu wazima washike mfungo hadi wanapouanza mwaka wao wa 60. Kuanzia hapo Mama Kanisa anawaondolea wajibu huo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Huko Marekani, sheria ya huduma kwa wazee iliyotungwa mwaka 1965 iliongezewa mwaka 1972 mpango wa kitaifa wa kuwapa milo, na umri wa kuingia ukawekwa huohuo, 60. Watu wa mahali mbalimbali, kila mmoja kwa sababu zake, wameona kwamba mtu akifika hapo anahitaji kutazamwa kwa jicho jingine.

Mimi nina miaka 25, ni frateri wa falsafa, na si mtaalamu wa lishe. Ninaandika kwa sababu wakati wa likizo mbili nilitumwa katika parokia moja ya milimani, wilaya ya Same, na kazi niliyopewa na Baba Paroko ilikuwa kusaidia huduma ya chakula kwa wazee. Nimezaliwa Upare, kwa hiyo njia zile na watu wale si wageni kwangu. Lakini kuingia jiko baada ya jiko, nyumba zaidi ya moja kwa siku, kulinifundisha jambo ambalo ningependa kuwashirikisha ninyi ndugu zangu mafrateri na ninyi waamini wa parokia zetu. Jambo lenyewe ni hili: mzee anaweza kuwa kwenye orodha ya msaada, akapokea chakula kila mwezi bila kukosa, na bado akalala na njaa.

Milima yenye maji na wazee walioachwa

Msafiri anayepita kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha huiona Same kama nchi kame. Hedaru, Makanya, hadi Same mjini, ni vumbi, mkonge na miti ya miiba. Akiinua macho anaiona milima ya Upare, na huko juu kuna nchi nyingine kabisa: migomba, kahawa, chemchemi, tangawizi ya Mamba Miamba, na msitu wa Chome unaopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,464 kutoka usawa wa bahari. Ni rahisi msafiri huyo kusema moyoni kwamba njaa inakaa bondeni na shibe inakaa mlimani.

Kwa mvua, kuna ukweli hapo. Vuli ikikosa kujibu, ni bondeni wanakoumia kwanza. Lakini ukihesabu watu, mambo yanageuka. Huko juu mashamba yamegawanywa kati ya watoto na wajukuu hadi yamekuwa vipande, kahawa haimlipi mtu kama zamani, na vijana wameshuka kwenda kutafuta maisha Same mjini, Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Walioachwa juu ni wazee, na pamoja nao wajukuu ambao wazazi wao wapo mjini. Shamba lenye rutuba lililo kwenye mteremko mkali ni baraka kwa mwenye miguu. Kwa mwenye miaka 80 ni mahali pa kuanguka. Hata ndiva, yale malambo ambayo wazee wetu walichimba ili kukusanya maji ya kumwagilia, huhitaji mikono yenye nguvu ya kuzibua na kujenga upya. Babu aliyebeba udongo wa ndiva akiwa kijana leo hawezi kufika kwenye mfereji wake mwenyewe.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, aliwajibu waliodhani kwamba katika jamii zetu za asili wazee waliishi kwa kunyonya jasho la wengine. Alieleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa bila kazi alikuwa amefanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi nikipanda njia za mawe. Matuta ninayokanyaga yalijengwa na watu ambao sasa ninawapelekea kilo kumi za mahindi.

Safari ya punje

Huduma ya parokia ilikuwa na sehemu mbili. Kila mwezi wazee walioorodheshwa na jumuiya zao walipata mfuko: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia kidogo na chumvi. Kila Jumatano, baada ya Misa, akina mama wa WAWATA waliwapikia chakula cha mchana wale walioweza kufika kanisani. Wasioweza kutembea walipelekewa mfuko nyumbani, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Fikiria mfuko huo umefika kwa bibi mmoja anayeishi kitongoji cha juu. Mahindi ni punje kavu. Mashine ya kusaga ipo chini, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye magoti mazima. Bibi anamwomba kijana wa jirani ampelekee, na kwa kuwa hana fedha, anamlipa kwa mahindi yaleyale. Mwenye mashine naye anataka chake. Unga unaporudi umeshapungua. Yapo maharage: yanahitaji saa mbili tatu za moto, na kuni anaziokota mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kuwa msituni ni hifadhi na mgongo umeinama. Kwa hiyo anapika maharage mara moja kwa wiki na kuyala hadi yanapochacha, au anayauza apate sukari ya chai. Kisha wajukuu wawili wanarudi kutoka shule. Nani atapakuliwa kwanza? Kila mmoja wetu aliyelelewa na bibi anajua jibu.

Na hata chakula kikiiva, kuna meno. Sisi Wapare tunajulikana kwa makande, na ni chakula kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage yanaziba pengo hilo, hivyo mahindi na maharage katika chungu kimoja ni busara ya mababu iliyotangulia maabara. Lakini makande yanataka kutafunwa. Mara kadhaa Jumatano niliketi karibu na wazee waliokunywa mchuzi, wakatafuta tafuta maharage yaliyolainika, na kuacha punje zote kwenye sahani. Aliyetazama kwa mbali aliona mzee anakula makande. Aliyeketi karibu aliona mzee anakunywa maji yenye chumvi.

Nesi wa zahanati alinielezea jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Wengi tunasema mzee hahitaji chakula kingi kwa sababu halimi tena. Ni kweli kwamba nguvu anayotumia ni ndogo, lakini protini anayohitaji haipungui. Misuli yake inaisha kwa urahisi na inajengeka kwa shida. Wataalamu waliotoa mapendekezo yao mwaka 2013 walishauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu kama 6, na maharage makavu gramu 100 yana zaidi kidogo ya gramu 20. Uji mwepesi wa mahindi, hata akinywa vikombe vitano, hautamfikisha popote karibu na hapo. Zaidi ya hayo, kiu na hamu ya kula hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo mwili wenyewe haupigi kelele. Mtoto mwenye njaa analia. Mzee mwenye njaa anasinzia.

Wapo na wajane wa kiume, ambao tunawasahau. Nilimfahamu babu mmoja aliyefiwa na mke wake baada ya kuishi naye zaidi ya miaka 40. Katika muda huo wote hakuwahi kusonga ugali. Mfuko wake ulifika kila mwezi, naye akaupeleka kwa jirani, na akawa anakula siku ambazo jirani amemkumbuka. Kwenye daftari la parokia alikuwa na alama ya vema kila mwezi.

Na wapo wenye dawa. Bibi mwingine alinionyesha vidonge vyake vya presha vilivyobaki vingi kuliko ilivyopaswa. Aliambiwa anywe baada ya kula. Mama huyu mtii alishika maagizo kwa uaminifu: siku ambayo hakula, hakunywa dawa.

Maneno matatu yanayoficha njaa

Ukimuuliza mzee wa milimani kama ana njaa, hutapata jibu unalolitafuta. Kuna maneno matatu niliyoyasikia mara nyingi.

La kwanza ni "Nimeshakula, Frateri." Linasemwa kwa uso mkunjufu, mara nyingi mbele ya mafiga yaliyopoa. Mzee anajua kwamba mgeni ndiye anayepaswa kupewa chakula, na kukiri kwamba hana cha kula ni kama kukiri kwamba nyumba yake imekufa. Zaidi ya hapo, kusema ana njaa ni kuwasema watoto wake walioko mjini, na hakuna mama anayependa watoto wake wasemwe. Watoto wenyewe wengine wanatuma fedha, na ya kutolea wanaweka. Lakini wakala yuko mbali, na simu anaishika mjukuu.

La pili ni utani. Ndugu zetu Wachaga wanatutania Wapare kwa ubahili; wanasema Mpare hutundika samaki juu ya meza na kula ugali akimtazama. Nasi tunacheka na kuukubali utani huo. Babu mmoja nilipomuuliza mbona anakula mara moja tu kwa siku aliniambia, "Sisi Wapare hatuli ovyo, mwanangu." Tulicheka sote. Nilipotoka nje niliwaza ni wazee wangapi wanasifiwa kwa kubana matumizi wakati hawana cha kubana.

La tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu linatumia lugha yetu ya imani: "Leo nafunga." Bibi wa kitongoji cha juu aliniambia hivyo siku ya Ijumaa, nikaona ni ibada yake. Jumanne iliyofuata aliniambia hivyohivyo. Umri wake ulikuwa umepita ule wa kanuni ya 1252 kwa zaidi ya miaka 20. Tulikaa kimya kidogo, kisha nikamwambia kwamba Kanisa halimdai mfungo. Akanijibu taratibu: "Najua, baba. Lakini nikisema nafunga, kukosa kwangu kunakuwa sala."

Sina maneno ya kumsahihisha mama huyo, na sidhani kwamba anahitaji kusahihishwa. Ameunganisha kukosa kwake na msalaba wa Kristo, jambo ambalo sisi tunalisoma vitabuni. Lakini nina neno kwa sisi tunaomsikiliza. Imani yake isiwe pazia letu. Akitolea njaa yake kama sala, sala hiyo inafika mbinguni, na huko huulizwa pia jirani zake walikuwa wapi.

Orodha ya Yerusalemu

Tatizo hili si geni katika Kanisa. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia huduma ya chakula ya kwanza kabisa tuliyokuwa nayo. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa kila siku, na bado wajane wa upande wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Tukisoma kwa makini, simulizi haisemi kwamba chakula kilikuwa kimekwisha. Kilikuwepo, na kilikuwa kinagawanywa. Kilichokosekana ni jicho la kuwaona waliokuwa pembeni. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaita waamini wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, na majina yote saba tunayosomewa, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kigiriki. Inaelekea kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu wa karibu na wale waliosahauliwa, watu wanaojua lugha yao na milango yao.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kutoa sadaka kwa maskini ni tendo la upendo linalopitia huruma. Huruma ni kuguswa na shida ya mtu fulani, na shida ya mtu fulani haifanani na ya jirani yake. Hapa falsafa tunayosoma darasani imenisaidia kuliko nilivyotegemea. Katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako, Aristotle anazungumzia busara ya kutenda, na mfano anaoutumia ni wa chakula: mtu anayejua kwamba nyama nyepesi humeng'enywa vizuri na kuleta afya, lakini hajui ni nyama zipi zilizo nyepesi, hatamponya mtu, anayejua tu kwamba nyama ya kuku inafaa atamsaidia zaidi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni mfano wa kawaida. Sasa naona ni habari ya parokia. Sote tunajua kwamba mwenye njaa apewe chakula. Mama wa WAWATA anajua kwamba bibi huyu hana meno ya upande wa kushoto. Katika huduma hii, yeye ndiye mwenye busara.

Uzoefu wa wengine unaonyesha hivyo pia. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, shirika liitwalo Kwa Wazee limekuwa likiwapa pensheni ndogo ya kila mwezi wazee wanaolea wajukuu yatima. Ripoti ya tathmini ya kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2008, ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo linatosha kutufundisha: fedha ya mzee haiishii kwa mzee, ni fedha ya nyumba nzima. Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Na mpango ule wa Marekani niliouanza nao unataka kila mlo utoe angalau theluthi moja ya mahitaji ya siku, na sheria yenyewe inataja kuwakutanisha wazee kuwa mojawapo ya malengo yake. Nao wameona kwamba mtu anayekula peke yake kila siku hatimaye huacha kula.

Vibakuli chini ya kitenge

Katika likizo yangu ya pili jambo hili lilifika kwenye kikao cha halmashauri ya parokia, na lilifika kwa mlango wa ugomvi. Ilionekana kwamba baadhi ya akina bibi wanaokuja Jumatano wanabeba vibakuli vya plastiki chini ya kitenge. Wanakula kidogo, na kinachobaki wanakificha kupeleka nyumbani. Mjumbe mmoja, mtu mwema na mchangiaji mkubwa, alipendekeza sheria: chakula cha wazee kiliwe hapohapo kanisani, na atakayebeba aondolewe kwenye orodha. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Waamini wanachanga kwa ajili ya wazee, na kama mzee hali, mchango umepotea na mzee anadhoofika mbele ya macho yetu.

Mama mmoja wa WAWATA, ambaye huwa hasemi sana vikaoni, alisimama. Alisema: "Huyo anayebeba ametusaidia. Anatuambia nyumbani kwake kuna midomo mingapi. Sisi ndio hatukumuuliza." Kisha akaketi. Kikao kiliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo, lakini sheria ile haikupita.

Yaliyofuata ni madogo, nayataja kwa sababu yanaweza kufanyika popote. Mahindi yalianza kusagwa kabla ya kugawiwa, ili kila mzee apokee unga. Jumatano makande yakapikwa kwa mahindi yaliyokobolewa, maharage yakilowekwa usiku kucha, na chungu kimoja kikapondwa kiwe rojo kwa wasio na meno. Kwenye uji ikaongezwa karanga iliyosagwa na dagaa wa unga. Aliyekuja na kibakuli alijaziwa kibakuli waziwazi, ili cha kwenye sahani akile mwenyewe bila dhamiri kumsumbua. Babu mjane alikabidhiwa kwa nyumba moja ya jumuiya yake, na mfuko wake sasa unapelekwa huko, kwa masharti kwamba anakula pamoja nao. Vijana wa parokia wakapangiwa zamu za kuni.

Nesi naye alitufundisha kutumia futi ya fundi cherehani. Unapima mduara wa shavu la mguu, pale penye unene zaidi. Ukiwa chini ya sentimita 31, mzee huyo yuko hatarini na afike zahanati. Bibi wa kitongoji cha juu alikuwa na 28. Alitazama futi ikizunguka mguu wake akasema mguu huo ulikuwa ukishuka hadi bondeni na mzigo wa ndizi na kurudi siku hiyohiyo.

Nisiwapambie. Kusaga kunagharimu, karanga zinagharimu, na mfuko wa huduma haukuongezeka kwa kiasi hicho. Ilibidi halmashauri ichague kati ya kuwalisha wachache vizuri na kuwagawia wengi punje, na vigango viwili vya mbali bado vinapata mfuko wa zamani. Wapo waliosema kwamba hiyo si haki, na sioni jinsi ya kuwajibu kwa urahisi. Naona tu kwamba zamani tulikuwa na swali hilo bila kulijua, kwa kuwa daftari lilituonyesha kwamba wote wamekula.

Tufanye nini?

Kwa ndugu zangu mafrateri: tutakapokuwa mapadre tutapeleka Komunyo kwa wagonjwa na wazee majumbani. Tutaingia chumbani, tutasali, tutabariki. Naomba tuzoee pia kupita jikoni. Tusiulize "Umekula?", kwa sababu jibu tunalijua. Tuulize: Jana jioni mlipika nini hapa? Nani alipika? Nani alikula nawe? Maswali hayo matatu mzee huyajibu bila aibu, na ndani yake ukweli wote unaonekana.

Kwa wazazi na kaka zetu mlioko mijini: endeleeni kutuma, lakini mjue fedha hiyo inapitia mikono ya nani na inafika jikoni ikiwa nini. Kumlipa jirani awapikie wazee wenu maharage mara mbili kwa wiki huenda kukawa msaada kuliko gunia zima la Krismasi.

Kwa jumuiya zetu ndogo ndogo: orodha ya wazee ni yenu, kwa sababu ninyi ndio wenye lugha yao na milango yao. Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai. Sehemu nyingi siku hiyo wazee hupewa zawadi, huimbiwa na kupigwa picha. Ni vizuri. Lakini mwezi Julai milimani kwetu ni baridi, ukungu unashuka hadi mlangoni, na mzee asiyekula vizuri huisikia baridi hiyo mifupani. Zawadi ipo ya kufaa zaidi: jumuiya ikutane Jumamosi ya kabla yake, igawane nyumba, na kila mmoja aende kwa mzee mmoja na kuni, apike chakula laini, aketi, na ale naye hadi sahani iishe.

Mungu awabariki wazee wetu, na atupe macho ya wale saba.